Figa la Sanje: Tulivyotafuta Vibanda vya Kulala Bondeni

Kila tukimaliza sala ya jumuiya mnaniuliza, "Mama Fulgensi, ni kweli ulipanda pikipiki mpaka kule chini mtoni?" Nikianza kusimulia, mmoja anacheka, mwingine anakumbuka ameacha maharage jikoni, habari inakatikia njiani. Nimeona niandike. Shule yangu iliishia darasa la nne na mwandiko wangu mnaujua. Mwenye macho mazuri awasomee wenzake.

Mjukuu wangu Oresta mnamfahamu, binti wa marehemu mwanangu. Ofisi aliyokuwa akifanyia kazi Morogoro ilipofungwa, alirudi kwangu Lipangalala, hapa Ifakara, na pikipiki yake. Akaanza kuwatembeza wageni bondeni. Likaja kundi la watu wa Dar wenye mapikipiki makubwa. Hawakutaka gesti. Walitaka kupita bondeni, na kila jioni walale kwenye kibanda cha shambani, mahali ambapo pikipiki inafika. Oresta akawakubalia kabla hajawa na kibanda hata kimoja. Safari yao ilikuwa ya kulala mara tatu, kwa hiyo ilibidi tupate vibanda vitatu.

Shangazi yake wa Dar naye alikuwa amemtafutia kazi huko. Oresta aliniambia, "Bibi, hili nikiliweza, nabaki. Nikishindwa, napanda basi." Sikutaka apande basi. Nalisema waziwazi, msije mkadhani nilifuata upepo wa pikipiki katika umri huu.

Habari za barua za vijiji na mihuri sitaziandika, zinachosha. Nitaandika njia.

Lipangalala mpaka Lumemo

Niliamua kwenda naye kwa sababu moja. Mwenye shamba hampi kibanda mtu asiyejulikana ametoka tumbo gani. Oresta angefika na helmeti kichwani na koti la kung'aa, wangemwona mtu wa ofisi.

Nilitaka kukaa upande, kama mwanamke. Akakataa.

"Bibi, panda kama mwanamume au ubaki."

"Mke mwenzangu, unanipangia namna ya kukaa?"

"Njia ikianza mashimo utanishukuru."

Nikaingia ndani, nikavaa suruali ya marehemu babu yake, nikafunga kitenge juu yake. Majirani mlioniona mlicheka. Mashimo yalipoanza nilimshukuru Oresta, lakini moyoni tu.

Lumemo hapakuwa na shida. Shemeji yangu Kandidus ana dungu kubwa katikati ya shamba la mpunga, lenye sakafu ya miti na paa la nyasi, alikokuwa akikaa kufukuza ndege na nguruwe. Mavuno yalikuwa yameisha, limebaki tupu. Chini yake pikipiki zinaingia, juu watu wanalala. Ila kuna ngazi.

"Shemeji," Kandidus akaniambia, "ngazi hii haiulizi mtu umri. Panda."

"Nikianguka utanizika wewe."

"Nitakuzika vizuri. Pilau."

Nilipanda. Tulilala juu kule, upepo ukipita chini ya migongo yetu, na asubuhi mke wake akatuletea uji wa mchele mpya. Alinitilia pia pepeta kwenye kiroba, mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa, mkavu, wa njiani. Namshukuru mpaka leo, maana pepeta ile ilikuja kufanya kazi ambayo hakuna aliyeitegemea.

Lumemo mpaka Mbingu

Kabla ya kufika Mbingu tairi la nyuma likapata pancha. Tukasukuma. Nasema tukasukuma, kwa kuwa mimi pia nilisukuma. Tukafika kwenye duka la kando ya barabara. Mwenyewe ni mtu wa asili ya pwani, Bwana Saidi, mwenye kanzu safi na radio ndogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Tuna pancha."

Akatoa pampu, viraka na gundi, akampa Oresta beseni la maji ya kutafutia tundu. Kabla hawajamaliza, wakati wa sala ukafika, na ilikuwa Ijumaa. Akanitazama.

"Bibi, naomba unikalie dukani. Sitakawia."

Mtu hanijui, ananiachia duka. Nikakaa nyuma ya meza. Akaja bwana mmoja anataka chumvi na betri za tochi.

"Mwenye duka yuko msikitini," nikamwambia. "Kaa."

"Mama, si unipe tu? Chumvi ile pale, naiona."

"Na mimi naiona. Kaa."

Akakaa. Wakaja wengine, wakakaa. Bwana Saidi aliporudi alikuta benchi limejaa kama kanisani, akacheka mpaka akashika mlango. Alitupa chai ya tangawizi na chapati, akakataa kata kata kulipwa viraka vyake. Aliposikia tunatafuta vibanda akafikiri.

"Chini mtoni kuna kambi ya wavuvi, pikipiki inafika kwa njia ya ng'ombe. Na mbele ya hapo kuna kibanda cha Bibi Leokadia. Ni mjane, mteja wangu. Mavuno yakiisha anakaa kijijini. Nitampigia simu."

Akapiga pale pale. Bibi Leokadia akajibu kwamba kesho tukifika tulale, yeye atakuja asubuhi tuongee. Nikamwombea Bwana Saidi heri, kwa Mungu wake na wangu, ambaye ni mmoja.

Kambi ya wavuvi

Njia ya ng'ombe ni vumbi jeusi, laini kama unga, na mpanda pikipiki akikosea kidogo anaogelea. Oresta hakukosea. Tulipokaribia tuliona moshi, vibanda vya matete, nyavu zimetandazwa na watu kama sita hivi wakipika.

Tulipofika hapakuwa na mtu.

Nyavu zimetoweka. Sufuria iko motoni, samaki wanatokota, na matete kule nyuma yanatikisika bila upepo. Oresta akazima pikipiki.

"Bibi, wamekwenda wapi?"

"Wamekimbia koti lako."

Walidhani sisi ni watu wa kukagua nyavu. Oresta alitaka kuwaita. Nikamwambia avue koti na helmeti, akae chini. Mchuzi ulikuwa unaanza kukauka. Nikaongeza maji, nikapunguza kuni, nikakoroga. Sikuonja. Chakula cha mtu hakionjwi akiwa hayupo, hata kama ana makosa.

Baadaye kichwa kimoja kikatokea, cha mzee mwenye ndevu.

"Nyie ni nani?"

"Mimi ni bibi. Samaki wako walikuwa wanaungua."

Akatazama sufuria, akatazama suruali chini ya kitenge changu.

"Serikali haijawahi kutukorogea mchuzi," akasema, akawaita wenzake.

Tulikula perege na ugali, sahani moja watu wote. Wakatuonyesha kibanda cha wageni wao, na wakakubali watu wa Dar walale, sharti moja: watakaokuja wavue makoti ya kung'aa wakiwa bado mbali. Oresta alicheka akakubali. Asubuhi walitufungia kambale waliokaushwa kwenye jani la mgomba. Walianza kwa kukimbia, wakaishia kutuzawadia. Nawashukuru.

Kibanda cha Bibi Leokadia

Kibanda hiki kilikuwa kizuri kuliko vyote. Kuta za matope zimesiribwa vizuri, nyasi mpya za paa, mlango wa miti umefungwa kwa kamba tu, na mbele pana uwanja wa kugeuzia pikipiki hata kumi. Oresta alizunguka mara mbili. Nilijua amekipenda.

Manyunyu yalikuwa yamepita mchana, ya kiangazi, ya kuloanisha tu. Mimi nikashika ndoo kwenda kisimani. Niliporudi giza limeshuka, tumechoka, tukala kambale wetu bila kuwasha moto, tukalala.

Asubuhi Bibi Leokadia akaja kwa miguu na fimbo yake. Ni mkubwa kwangu, nikamwahi.

"Shikamoo dada."

Hakuitikia. Alikuwa anatazama jikoni, pale chini ya upenu. Nami nikatazama.

Mafiga yalikuwa mawili.

Figa la tatu lilikuwa chini ya stendi ya pikipiki. Udongo ulikuwa umelowa, stendi ikawa inazama, pikipiki inalala. Oresta alikuwa ametafuta kitu kigumu cha kuweka chini yake, na bonde lile mnalijua, unaweza kutembea siku nzima usione jiwe. Akaona matatu yamekaa jikoni, akachukua moja. Amekulia kwenye jiko la mkaa na la gesi. Kwake lilikuwa jiwe.

Ninyi hapa mnajua, lakini labda wajukuu zenu nao watasoma. Mavuno yakiisha tunarudi kijijini, tunachukua sufuria, mikeka, hata mlango ukiwa wa mbao. Mafiga tunaacha. Mafiga matatu yakiwa mahali pake, kibanda kina wenyewe, na hakuna mtu atakayegusa hata unyasi. Likiondolewa moja, maana yake wenyewe wamekwisha, au wamekubali kuondoka. Hapo mtu yeyote anaweza kung'oa miti na kulima mpaka mlangoni.

"Nani amewatuma?" Bibi Leokadia akauliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Ni shemeji yangu?"

"Hatumjui shemeji yako, dada."

"Tangu mume wangu afe ananiambia nimezeeka, niliache shamba. Sasa ameleta watu wa kunivunjia jiko."

Oresta akakimbia kwenye pikipiki. "Bibi, samahani, narudisha sasa hivi, sikujua." Akaisukuma, akainama, akaliinua figa. Likatoka vipande viwili. Moto wa miaka yote ulikuwa umelichosha, na uzito wa usiku ule ukalimaliza.

Bibi Leokadia akakaa chini, pale pale penye matope.

"Huku hakuna mawe," akasema. "Mume wangu alikuwa mtu wa Sanje. Aliponioa aliyaleta kwa baiskeli. Jiwe moja, anarudi. La pili, anarudi. Watu wakamcheka, mbona mafiga ya udongo wa kichuguu yapo? Akasema ya udongo yanayeyuka, hataki nihame kwa sababu ya mvua." Akafuta uso kwa khanga. "Nendeni. Kibanda sitoi."

Sikubishana. Mtu aliyeumia hapewi maneno mengi. Nikatoa pepeta ya mke wa Kandidus, nikaiweka kwenye ungo mbele yake, nikakaa naye chini. Hakula, nami sikula. 

Oresta akaniita pembeni. Simu yake ilikuwa mkononi, Bwana Saidi yuko hewani. Alikuwa amesikia kwamba kuna kibanda kingine mbele kidogo, cha mwalimu mstaafu, kiko wazi, pikipiki inafika, mwenyewe amekubali. Siku ya wageni kuja ilikuwa inakaribia. Dungu la Lumemo, kambi ya wavuvi, na hiki cha mwalimu: vitatu vimetimia. Kwenda Sanje ni kurudi nyuma njia yote, kupita Ifakara na kuendelea mpaka chini ya milima, halafu kurudi tena huku. Siku ambazo hakuwa nazo.

Nilinyamaza. Mnanijua, kunyamaza si kazi yangu. Lakini nilitaka kumwona. Mtoto unamlea, unamfunza, halafu inafika siku unakaa pembeni uone kilichoingia.

Oresta akasema kwenye simu, "Asante sana, Bwana Saidi. Mwambie mwalimu anisamehe, sitakwenda leo." Akaja akapiga magoti mbele ya Bibi Leokadia.

"Bibi, nakwenda Sanje kuleta figa. Kibanda usinipe. Nitaleta figa tu."

Bibi Leokadia akamtazama. "Hutarudi," akasema.

"Basi baki na hili," Oresta akasema, akamwekea helmeti yake mapajani. "Siendi mbali bila hiyo."

Uongo, maana Sanje ni mbali na alikwenda bila hiyo, na njia nzima mpaka nyumbani nilimgombeza. Trafiki walitusimamisha, nao wakamgombeza. Nilifurahi kupata wasaidizi.

Sanje

Kwanza tulipita nyumbani Lipangalala, tukalala, Oresta akaazima helmeti kwa jirani. Kesho yake tukashika njia ya milimani. Sanje mawe yamejaa. Maji yanashuka kutoka milima ya Udzungwa, na kwenye kijito mawe ni mengi, meusi, mviringo, yamelainika. Oresta akavua viatu akaingia majini, akachagua moja zuri.

"Liache," nikamwambia.

"Kwa nini? Linafanana kabisa."

"Jiwe la mtoni limekunywa maji. Ukiliwekea moto linapasuka, vipande vinaingia machoni. Unataka kumrudia yule mama na msiba wa pili?"

Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara alitusikia. Aliweka mikono kiunoni, akacheka.

"Ninyi watu wa Ifakara, wenzenu wanakuja Sanje kununua ndizi. Ninyi mnakuja kuiba mawe?"

"Tunaomba," nikasema. "Tumevunja figa la mtu."

Akaacha kucheka. Nikamweleza yote, na Oresta amesimama kijitoni na jiwe lake kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Yule mama, jina lake Mama Debora, akaacha ndizi zake bila mtu, akatupeleka uani kwake. Kulikuwa na jiko la zamani, la mama mkwe wake, halipikiwi tena kwa kuwa wamejenga lingine. Akaliinua figa moja, jeusi kwa masizi, akaligonga kwa kidole.

"Hili limeshaonja moto. Halitawadanganya."

"Mama mkwe atasemaje?" nikauliza.

"Amelala pale nyuma ya migomba. Alikuwa mchoyo wa maneno, si wa vitu. Chukueni."

Oresta akashika mikono yake yote miwili. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa kazi, akauliza kama angeweza kuchukua pia mawe bapa pale njiani, madogo, ya kuwekea stendi. "Ili wageni wasiguse jiko la mtu tena." Mama Debora akamwongezea na chane ya ndizi.

Mawe bapa tukayafunga nyuma ya kiti. Figa nililifunga mimi kifuani kwa khanga, katikati yangu na mgongo wa Oresta, lisidunde. Tuliposimama Ifakara kuweka mafuta, mama mmoja akanisogelea.

"Bibi, mjukuu mbona hatikisiki? Mfunue apate hewa."

"Amezoea moshi huyu," nikamwambia. Tukaondoka. Nadhani bado anawasimulia watu.

Kurudi bondeni

Bibi Leokadia alikuwa pale pale kibandani, helmeti imetundikwa kwenye nguzo. Alikuwa amelala huko peke yake, analinda jiko lake la mafiga mawili, shemeji asije akapita akaliona.

Oresta akalifungua figa khangani mwangu, akampa kwa mikono miwili. Yule mama akaligeuza, akanusa masizi.

"La jiko la nani?"

"La mama mmoja wa Sanje. Alilitoa."

"Sanje," akasema. Alilikalisha mwenyewe mahali pake, akalitikisa, akalisogeza kidogo, akalitikisa tena. Vile vipande viwili vya zamani alikuwa ameshaviweka chini ya mtungi wa maji, vinaushikilia usiyumbe.

Kisha akamwambia Oresta awashe moto. Aliyevunja jiko ndiye awashe. Oresta hajui kuwasha kuni, naandika ukweli. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka, moshi ukatufukuza wote mpaka uwanjani.

"Huyu ndiye ataleta wageni?" Bibi Leokadia akaniuliza.

"Ndiye."

"Watakufa njaa."

Akachutama pembeni yake, akampangia kuni kwa mkono wake, moto ukashika. Tulipika ndizi za Mama Debora, tukazila kwa chumvi, na ile pepeta iliyokuwa imebaki kwenye ungo akaila yeye, yote, polepole. Alipomaliza akafuta mikono.

"Wageni walale. Lakini wewe uje nao. Kila mara, wewe mwenyewe. Sitaki kuona mtu ambaye hajui hili jiko."

"Nitakuja, Bibi."

"Hata mwakani?"

Oresta alinitazama, nami nikatazama moto. Si swali langu.

"Hata mwakani," akasema.

Nyumbani

Wageni walikuja, wakalala vibanda vyote vitatu, wakarudi kwao na vumbi masikioni na furaha. Oresta anasema kundi jingine linauliza. Sina la kuongeza hapo, ni kazi yake.

Ninawashukuru Kandidus na mke wake, Bwana Saidi, wavuvi, Mama Debora, na zaidi Bibi Leokadia, aliyekuwa na haki ya kutufukuza. Mkisali Jumatano ijayo watajeni kwa majina. Msifupishe.

Shangazi wa Dar alipiga simu juma lililopita. Oresta aliongea naye uani, mimi niko jikoni napepeta mchele, sikusikia maneno. Alipomaliza akachukua jiwe bapa moja lililobaki, akachimba kidogo pembeni ya mlango wangu, akalifukia nusu, akaisimamisha pikipiki juu yake.

Mkija kwangu mtaliona. Msilitumie kusugulia miguu. Mkilikuta halina kitu juu yake, kaeni, nitawapa chai. Yuko njiani anarudi.